Mbeba Shangazi

Bendi ya Wana Mpunga ina wapigaji wengi, na wote wana majina pale mjini Ifakara, lakini watu wakitaka kujua kama muziki umefika hawamtaji mpigaji hata mmoja. Wanauliza, "Shangazi ameshafika?"

Shangazi ni kabati la spika za besi. Ni sanduku la mbao nene lililovishwa zulia jeusi ambalo limeshachubuka pembe zote. Kimo chake kinamfika mwanaume kifuani, na ndani yake zimefungwa spika nane, kila moja na sumaku yake nyuma, nzito kama jiwe la kusagia. Jina alipewa na Gosbert, mpiga besi na kiongozi wa bendi. Alisema, "Mnene, hapendi kuhamishwa, hakuna anayetaka alale kwake, lakini shughuli haianzi mpaka afike. Sasa huyo kama si shangazi ni nani?"

Aliyembeba Shangazi kwa miaka yote ni Fridolin.

Fridolin hakuanzia kwenye muziki. Alianzia kwenye mashine za kukoboa mpunga, akiwa bado kijana mwenye shingo nyembamba. Kazi yake ilikuwa kutoa magunia uwanjani kuyapeleka kwenye mashine, na kutoa mchele kwenye mashine kuupeleka kwenye malori. Alijifunza kusokota ngata yake vizuri, kuinama kidogo ili wenzake wamtwishe, kisha kuondoka kwa hatua fupi za haraka, macho mbele, mdomo umefungwa. Shingo ikanenepa. Mgongo ukanyooka kama wa askari. Ukimwona njiani bila mzigo ungedhani ana majivuno, kumbe ndivyo mwili ulivyozoea.

Sasa, wabebaji wa pale mashineni wana sheria yao ambayo haikuandikwa popote. Mzigo ukishakaa kichwani unatuliwa unakokwenda. Ukiutua njiani, hata kama ni hatua chache tu kabla ya kufika, wenzako wanaacha kazi wanakuja kukupa mikono.

"Hongera! Umejifungua salama?"

"Mtoto wa kiume au wa kike?"

"Jamani, mpisheni mzazi akalale!"

Na haiishi siku hiyo. Wiki nzima unaitwa Mzazi. Ukikaa kunywa chai, mtu anakuuliza kama uji umeshapoa. Wapo wanaume wazima walioacha kazi wakarudi shambani kwa ajili ya maneno hayo. Fridolin hakujifungua hata siku moja, na jambo hilo lilijulikana. Mpaka leo ukipita mashineni wazee watakwambia, "Frido? Yule hakuwahi kuzaa."

Kwa magunia sheria hiyo ilikuwa na sababu. Gunia ukilitua njiani unahitaji watu wa kukutwisha upya, na kazi nzima inasimama. Tena gunia ni laini. Likikaa shingoni linajimwaga kidogo huku, kidogo huku, mpaka linapata mahali pake, ukawa kama umebeba mtu aliyelala. Bendi ilipomwajiri akakuta mbao hazijimwagi. Shangazi alikuwa na uzito wake wote upande mmoja, upande wa sumaku, na kila alipotwikwa alimvuta Fridolin shingo kwenda kushoto, naye akaivuta kurudi kulia, hivyo hivyo mpaka afike. Zamani kabati lilikuwa na magurudumu. Yaling'oka moja moja kwenye barabara zetu hizi, na hakuna aliyeona haja ya kuyarudisha, kwa kuwa Fridolin yupo.

Harusini, kwenye kipaimara, kwenye mazoezi ya kila wiki nyuma ya baa, alimbeba kichwani vile vile alivyobeba mchele. Hakuna aliyemfundisha vingine, wala yeye hakuuliza.

Kwanza vilianza vidole vya mkono wa kulia. Ganzi. Akadhani amelalia mkono. Kisha kikombe cha chai kikamponyoka, akasema kilikuwa na mafuta. Mkewe Verediana ni mwanamke asiyesema haraka, lakini anaona. Asubuhi moja ya Jumapili wakijiandaa kwenda misani akamsogelea, akamfungua shati na kumfunga upya kama anavyofungwa mtoto.

"Baba Fausta, hii ni Jumapili ya pili unafunga kifungo cha juu kwenye tundu la chini."

"Macho hayo, Mama Fausta. Uzee."

"Macho yako hayana kitu. Nipe huo mkono."

Akaubana kwa kucha. Fridolin akamtazama tu, akisubiri aanze kubana.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari aliweka picha ya shingo kwenye taa, akawaonyesha kwa kalamu. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. "Mzee, pingili hizi zimesagika. Kamba ya fahamu inayokwenda miguuni inapita hapa katikati, na nafasi iliyobaki ni kama ya uzi. Ukitwika tena kitu kizito kichwani, miguu inaweza kwenda palepale na isirudi. Sikutishi. Nakueleza."

Walipofika mlangoni kwao Verediana alimgeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nataka useme wewe. Kwa mdomo."

"Sitatwika tena."

Basi akaingia ndani, akaichukua ile ngata, akaifungua. Ilikuwa kanga yake mwenyewe ya zamani. Akaikung'uta uani, akaitundika jikoni iwe ya kushikia sufuria.

Fridolin hakumwambia Gosbert yote. Alisema shingo inamsumbua, daktari amemtaka aache kubeba kwa muda. Gosbert ni mtu mwema, hakutaka maelezo. "Basi wewe sasa ni msimamizi, Mzee Frido. Utaelekeza, vijana watabeba." Akaletwa Obadia, aliyebeba naye magunia pale mashineni, na vijana wawili. Wao walimbeba Shangazi kwa miti, miti miwili imefungwa ubavuni kwa kamba, watu mbele na nyuma. Ilikuwa kazi ya kelele na ya kusimamasimama. Fridolin alitembea pembeni mikono nyuma, akisema, "Kushoto. Inua. Angalia jiwe." Watu waliomzoea walimsalimia kisha wakakitazama kichwa chake kilivyokuwa kitupu. Hakuzoea kutazamwa hivyo.

Wiki za baada ya Pasaka, maharusi wanapokuwa wengi, bendi ikapata shughuli Masagati, mbali kule, ukishapita Mlimba. Gari lilikuja alfajiri. Verediana alitoka na kanga mabegani.

"Utaelekeza kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Na mikono?"

"Mfukoni, Mama Fausta."

Kisha akamgeukia Obadia, ambaye alikuwa ameshapanda nyuma ya gari. "Shemeji, huyu hatakiwi kubeba kitu. Daktari amesema atapoteza miguu. Nakukabidhi."

"Shemeji, huyu ni meneja!" Obadia akasema, akicheka. "Meneja anabeba nini? Funguo?"

Walipita Chita, wakapita Mlimba, na baada ya hapo barabara ikawa jina tu. Mvua zilikuwa hazijakatika. Kijiji kikiwa kimeshaanza kuonekana juu ya mlima wake mdogo, wakafika kwenye kijito. Maji yalikuwa yamebeba mbao za daraja. Yalibaki magogo mawili, yamelazwa pamoja, yanateleza, na chini yake maji mekundu yanakwenda kwa kasi. Gari likaishia hapo.

Vyombo vidogo vilivushwa haraka. Watu wa kijijini walishuka kusaidia, mmoja na ngoma, mwingine na amplifaya, jenereta ikapita kichwani kwa kijana wa kule. Akabaki Shangazi. Walimjaribu kwa miti. Obadia mbele, kijana nyuma, wamefuatana juu ya magogo. Hawakufika hata robo. Sanduku likabembea, likamvuta Obadia upande, ikabidi warudi nyuma kwa kutambaa. Kumpitisha majini haikufaa. Karatasi za spika zikilowa zimekufa.

Gosbert akachuchumaa. "Tunamfungua," alisema. "Natoa spika moja moja, tunavusha sanduku tupu." Akatoa bisibisi mfukoni akaanza. Skrubu zilikuwa na kutu. Upande wa milima wingu lilikuwa limeshaweka giza, na kutoka ng'ambo mtu akapaza sauti, "Maharusi wametoka kanisani! Mbona hatusikii kitu?" Watu walikuwa wamejaa kila upande, wanawake wenye sare za sherehe, wazee wenye miavuli. Wote wanatazama.

Obadia alikuwa na aibu ya kuteleza mbele za watu. Nadhani hilo ndilo lililomsemesha. Alijifuta matope magotini, akamtazama Fridolin.

"Meneja, enzi zako ungekuwa umeshavuka ukarudi kutuchukua na sisi."

Watu wakacheka. Kicheko kilimpa nguvu, akaongeza.

"Au ndiyo umeshajifungua, mimba nyingine hutaki?"

Wakacheka zaidi, hata wale wasiojua habari za mashineni. Fridolin naye akacheka. Alicheka muda mrefu kidogo kuliko wenzake. Kisha akatoa mikono mfukoni, akamwendea mama mmoja aliyesimama karibu, akamwomba kanga. Akaisokota.

"Nitwisheni," akasema.

Gosbert akainua uso. "Mzee Frido, acha. Nimeshaanza, hii haichukui muda."

"Rudisha hizo skrubu."

"Fridolin, nilikuwa natania," Obadia akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Shemeji aliniambia. Kaka, acha."

"Ni magogo tu. Nikifika ng'ambo natua. Nitwishe, Obadia."

Na kweli, ndivyo alivyojiambia. Magogo tu. Aliinama kidogo kama zamani. Watu wanne wakainua, Shangazi akapanda. Fridolin akasikia uzito ukiingia shingoni na kushuka mgongoni, mahali pale pale, kama mtu anayerudi nyumbani kwake na kukuta kiti chake. Akavua kandambili. Akaingia kwenye magogo kwa zile hatua fupi, macho mbele, mdomo umefungwa.  

Akavuka.

Hapo ng'ambo palikuwa na majani mafupi, pakavu, panafaa kabisa. Shingo ilikuwa inawaka moto, na moto ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye mapaja. Alijua ni nini. Daktari alikuwa amemwonyesha kwa kalamu. Nyuma yake Obadia alikuwa anapiga kelele, "Tua hapo! Tua, tufunge miti!"

Lakini mbele yake vigelegele vilikuwa vimepasuka. "Shangazi kafika! Shangazi kafika!" Wanawake waligeuka, wakaanza kupanda mlima wakicheza mbele yake, vitambaa juu, kana kwamba wanamleta bibi harusi mwenyewe. Neno moja tu lilitakiwa, tua, na watu wa kumsaidia walikuwepo. Fridolin alilifikisha mpaka mdomoni. Kisha akaona nyuso zile, na Obadia anayekuja mbio nyuma, na akasikia sauti za mashineni, hongera, mtoto gani? Akalimeza neno lake. Akapanda nao.

Kilima hakikuwa kirefu. Alifika uwanjani, watu wakamtua, na Shangazi akasimama mahali pake mbele ya turubai la wageni. Fridolin alibaki amesimama wima, mikono imening'inia. Alitaka kumsalimia mzee wa nyumba. Akasikia kwamba chini ya kiuno hakuna kitu. Hakukuwa na maumivu. Magoti yalikunjika taratibu, akashuka, akapiga magoti mbele ya baba na mama wa bwana harusi waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Vigelegele vikapigwa upya.

"Mwoneni mtu aliyelelewa," bibi mmoja alisema. "Kabeba mzigo wote ule, na bado anapiga magoti kusalimia."

"Shikamooni," Fridolin akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Marahaba, baba. Inuka, baba. Inuka."

Hakuinuka.

Walimlaza kwenye chumba cha nyuma, juu ya mkeka. Obadia alikaa naye. Alimvua soksi ambazo hakuwa nazo, yaani alipapasa miguu ile bila kujua anatafuta nini, kisha akabana dole gumba.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Umeshabana?"

Obadia akainamisha kichwa. Nje muziki ulikuwa umeanza, na besi ilikuwa inatikisa sahani kwenye kichanja. Wimbo mmoja ulipoisha Gosbert aliingia mara moja, gitaa bado liko begani, akasimama mlangoni.

"Nizime?" akauliza. "Sema tu, nazima."

"Watu wanaoa, Gosbert. Nenda kapige."

Akaenda. Mvua ikanyesha mpaka usiku. Kesho yake maji yalipopungua kidogo, wanaume walimlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakamvusha wamezama hadi kiunoni, wamemwinua juu ya vichwa. Safari ya kurudi alilala nyuma ya gari, katikati ya Shangazi na magunia ya mchele ambayo wenye harusi walituma yapelekwe kwa ndugu zao mjini.

Hospitali walifanya walichoweza. Kisha wakamfundisha Verediana namna ya kumgeuza ili asitoke vidonda, namna ya kumvalisha, na namna ya mambo mengine ambayo watu hawayasemi barazani, wakawaruhusu kurudi nyumbani. Binti yao Fausta alikuja kutoka kule kwenye mashamba ya miwa anakofanya kazi, akakaa mpaka ruhusa yake ikaisha, akarudi analia.

Verediana hakuuliza kitu hospitali. Aliuliza nyumbani, siku moja tu, akiwa anamkanda miguu kwa mafuta ingawa aliambiwa haisaidii.

"Kwa nini, Baba Fausta?"

Alifikiri sana. Hakutaka kumdanganya. "Walikuwa wananiangalia."

"Mimi nilikuwa sikuangalii?"

Fridolin akageuza uso ukutani. Verediana akaendelea kukanda.

Gosbert huja na sukari. Obadia huja mikono mitupu, anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, wanazungumza habari za bei ya mpunga na waliokufa. Siku ya kwanza aliyokuja aliomba msamaha, Fridolin akamwambia, "Kwani ulinisukuma?" na tangu hapo hawakulitaja tena. Lakini Verediana akimwona Obadia anaingia, yeye hutoka. Anamwitikia salamu, anampisha, anatoka.

Mwaka ule mvua zilichelewa kukatika. Mashamba yalivunwa kati ya mvua na mvua. Verediana alivuna peke yake kishamba chao cha mpunga, akapura, akaleta nyumbani, akawa anauanika mpunga uani kwenye turubai kila jua linapotoka. Ndio uliokuwa chakula chao mpaka msimu mwingine. Mpunga ukilowa baada ya kukauka unavunjika mashineni, na ukiachwa unaota.

Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Verediana aliutandaza, akaenda kisimani, si mbali. Fridolin alikuwa amelala karibu na mlango ili apate hewa. Akaona mwanga ukutani unafifia. Akainua shingo kiasi alichoweza. Wingu lilikuwa limeshavuka paa la jirani.

"Mama Fausta! Mvua!"

Hakujibiwa.

"Jirani! Nyie! Mvua jamani!"

Jirani walikuwa shambani, mji mzima ulikuwa shambani. Upepo ukaja, ukainua pembe ya turubai na kuishusha. Fridolin akajisukuma ukingoni mwa kitanda kwa mkono wa kushoto, akaanguka chini kwa bega. Akaanza kujivuta kwa viwiko, mkono wa kulia ukimsaliti kila alipouegemea. Miguu ilimfuata nyuma, ikigeukageuka kama vitu vya mtu mwingine. Kizingiti kilimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili akakipita kwa kifua. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, na yalipiga juu ya mpunga kwa sauti kavu. Kisha ikawa sauti moja.

Alifika kwenye pembe ya karibu. Akalishika turubai kwa meno na kwa mkono, akalivuta lijikunje juu ya mpunga. Likafunika kidogo, sehemu ya kama kitanda cha mtoto. Akajilaza juu yake ili upepo usilifunue. Mpunga mwingine wote aliuona ukielea, ukichukuliwa na maji kuelekea mferejini, na kuku wawili wakiukimbilia.

Verediana aliingia uani anakimbia, ndoo ameitupa njiani. Akasimama. Alimwona mumewe kwenye tope, amelala kifudifudi juu ya turubai, kanzu ya kulalia imempanda mpaka kiunoni. Alimtazama, akautazama mpunga.

Alianza na mpunga. Aliuzoa kwa ungo, kwa beseni, kwa kanga yake mwenyewe, akaingia na kutoka, akaingia na kutoka, akimruka mumewe kila alipopita.   Ulipobaki ule tu ulio chini yake, Verediana akachuchumaa, akampitisha mikono kwapani.

"Sogea nitoe na huu," akasema. Alipokwisha kuutoa, akarudi kumchukua yeye.